Nani Atangulie?

Wahenga wetu hawakuafikiana juu ya wakati. Mmoja alisema haraka haraka haina baraka, mwingine akamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Yuko aliyesema kawia ufike, na yuko aliyeonya kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Tumezizoea methali hizi kiasi kwamba hatuuoni tena ugomvi uliomo ndani yake. Kila mtu huchota ile inayomfaa kwa siku hiyo: anayedaiwa husema kawia ufike, na anayedai husema ile ya matumbo.

Nyuma ya ugomvi huo liko swali ambalo kwa muda mrefu nimeliona kuwa la maadili hasa, wala si la ratiba. Jambo jema likitendwa baada ya wakati wake kupita, je, linabaki kuwa jambo jema? Au kuchelewa hulibadili likawa jambo jingine? Wengi wetu tukiulizwa tutajibu kwamba wema ni wema tu, na kuchelewa ni kasoro ndogo pembeni, kama doa kwenye kanzu nyeupe. Aliyeleta dawa baada ya mgonjwa kuzikwa tunamkaribisha chai, tunamshukuru kwa nia yake, naye huondoka akiwa ametulia moyoni. Nia ilikuwapo, dawa ilikuwapo, ilikosekana siku mbili tu.

Jibu la namna nyingine kabisa nimelikuta mahali nisipopatarajia, katika elimu ya watu wanaotunga viini vya mifumo endeshi kwa ajili ya roboti. Najua maneno hayo yanaweza kumfanya msomaji afunge kitabu. Namwomba avumilie kurasa mbili tatu, maana watu hao, kwa kulazimishwa na chuma wala si kwa kupenda falsafa, wameyachambua mambo ya zamu, ahadi na kungoja kwa ukali ambao sijauona kwa wahubiri wala kwa mawakili.

Kila kompyuta ina programu ya chini kabisa ambayo mtumiaji haioni. Ndiyo inayoamua ni kazi gani ishike zamu katika ubongo wa mashine na ipi isubiri, na uamuzi huo hufanywa mara nyingi mno kwa sekunde moja. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Katika kompyuta ya ofisini, kiini hufanana na mwenye nyumba aliyejaliwa wageni wengi: hujitahidi kila mmoja apate kidogo, pasiwe na anayenuna. Ukichapa herufi ikachelewa nusu sekunde kuonekana, hakuna aliyekufa. Lakini kipo kiini cha aina nyingine, kinachoitwa cha wakati halisi, ambacho hakishughuliki na nani amenuna. Hicho huangalia muda wa mwisho wa kila kazi. Chukua mkono wa roboti kiwandani, ambao mota zake zinapaswa kupata amri mpya kila milisekunde, yaani mara 1,000 kwa sekunde. Amri ikija na hesabu iliyo sahihi kabisa, lakini imechelewa milisekunde kumi, mkono umekwisha kufika mahali pengine, na amri iliyokusudiwa kuuzuia sasa inausukuma. Hesabu haikukosewa popote. Ukiipitia kwa kalamu utaitia alama ya vema mstari kwa mstari. Na hata hivyo mkono umevunja ulichokuwa umekishika, au umemvunja aliyesimama karibu.

Watu hudhani wakati halisi maana yake ni kasi. Sivyo, na hapa ndipo nilipoanza kuvutiwa. Kasi ni habari ya wastani, ilhali ahadi ni habari ya kila mara. Kiini kinachojibu ndani ya milisekunde 10 pasipo kukosa hata mara moja ni bora, kwa kazi hiyo, kuliko kinachojibu ndani ya milisekunde 1 siku zote isipokuwa ile moja. Mafundi hawa hawaulizi mashine ni hodari kiasi gani siku ikiwa njema. Wanauliza itachelewa kiasi gani siku ikiwa mbaya kuliko zote, kisha wanaijenga ahadi yao juu ya siku hiyo. Na wanasema wazi kwamba usahihi wa jibu una sehemu mbili, hesabu yenyewe na wakati wa kutolewa kwake. Ikikosekana mojawapo, jibu si sahihi. Wanakiri kwamba ziko kazi ambazo jibu lake likichelewa hupungua thamani polepole, kama samaki sokoni. Lakini ziko nyingine ambazo muda ukishapita jibu ni kosa, basi, na halitofautiani na hesabu iliyokosewa.

Kama kuna anayeona huo ni ukali wa kupita kiasi, na akumbuke yaliyotokea Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba. Kombora la Scud lililorushwa kutoka Iraki liliangukia kambi ya askari wa Marekani, likaua watu 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa ukilinda eneo lile haukurusha kitu. Ripoti iliyotolewa mwaka 1992 na ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilieleza sababu. Saa ya mtambo ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu katika hesabu za kompyuta, kama vile theluthi isivyoandikika kwa ukamilifu kwa desimali. Kwa hiyo kila hesabu iliacha chenga ndogo mno. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa muda wa saa 100 mfululizo, chenga zikarundikana zikawa theluthi moja ya sekunde. Kombora la namna ile hukimbia zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Basi mtambo uliitazama sehemu ya anga iliyo zaidi ya nusu kilomita mbali na mahali kombora lilipokuwa, haukuona kitu, ukaamua kwamba hakuna kitu.

Lakini si hilo linalonikaa rohoni. Linalonikaa ni kwamba kasoro ile ilikuwa imekwisha gunduliwa. Waisraeli walikuwa wametoa taarifa wiki mbili kabla kwamba mtambo ukiwashwa muda mrefu hupoteza shabaha, na programu iliyorekebishwa ilikuwa imekwisha andikwa na kuanza kusambazwa. Ilifika Dhahran tarehe 26 Februari. Siku moja baadaye! Nashindwa kumfikiria mtu anayeweza kusimama mbele ya makaburi 28 na kusema kwamba marekebisho yale yalikuwa mema ila yalikuwa na kasoro ndogo ya kuchelewa. Kwa waliokufa hayakuwa marekebisho.

Tukikubali hivyo, swali la pili halikwepeki. Ikiwa wakati ni sehemu ya wajibu wenyewe, na uwezo wetu una mpaka, basi hatuwezi kutimiza yote kwa wakati. Nani atangulie? Na nani aachwe?

Mfano unaopendwa na mafundi ni ule wa Apollo 11. Tarehe 20 Julai 1969, chombo kilipokuwa kikishuka kuelekea uso wa mwezi, kompyuta yake ilipiga kengele ya namba 1202, kisha 1201. Ilikuwa imezidiwa. Rada iliyohusika na safari ya kurudi, ambayo haikuhitajika wakati wa kushuka, ilikuwa inaipora sehemu ya nguvu zake kwa habari zisizo na maana. Kompyuta ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko ya simu duni kabisa ya leo, maneno elfu mbili hivi ya kuandikwa na kufutwa. Lakini waliotunga programu yake huko MIT, akiwamo Hal Laning aliyebuni mpangaji wake wa zamu na Margaret Hamilton aliyeongoza utungaji wa programu, walikuwa wameamua mapema nini kitakachoachwa siku ya dhiki. Kila kazi ilikuwa na kipaumbele chake. Kompyuta ilipozidiwa ilijianzisha upya kwa kitambo kidogo kabisa, ikaziacha kazi za pembeni, ikaendelea kuishikilia injini na uelekeo. Armstrong na Aldrin wakatua.

Ninalolipenda hapo ni saa ya uamuzi. Uamuzi wa nani aachwe haukufanywa katika dhiki. Ulifanywa mezani, miaka kabla, na watu waliokuwa na nafasi ya kubishana. Mara ngapi sisi hufanya kinyume! Hatupendi kutamka mapema kwamba jambo hili litaachwa, maana kutamka kunatuletea lawama. Tunaahidi yote, kisha siku ya dhiki inatuchagulia, nayo huchagua vibaya kuliko sisi: huokoka aliyepiga kelele zaidi au aliyekaa karibu na mlango. Baadaye tunasema ni mapenzi ya Mungu.

Hata hivyo, kupanga vipaumbele kuna mtego ambao mafundi wenyewe walichelewa kuuelewa, nao ndio kisa ninachotaka kukaa nacho.

Tarehe 4 Julai 1997, chombo cha Pathfinder kilitua Mirihi, kikiwa kimebeba kigari kidogo cha magurudumu sita, chenye uzito wa kilo 10 na ushei, kilichoitwa Sojourner. Hizi zilikuwa kompyuta mbili zilizotenganishwa na mchanga na kuunganishwa kwa redio: chombo kilichokaa mahali pamoja, na kigari kilichotembea kikikwepa mawe kwa akili yake chache. Walioko duniani hawangeweza kukiendesha kama mtu anavyoendesha gari, kwa sababu ishara ya redio ilichukua zaidi ya dakika 10 kufika. Dunia nzima ilifurahi kuona picha. Siku chache baadaye, kompyuta ya chombo ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Kila ilipofanya hivyo, shughuli za siku hiyo zilizobaki ziliahirishwa hadi kesho.

Chanzo kilikuwa hiki. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na kazi nyingi zilizopokezana zamu chini ya kiini kiitwacho VxWorks. Kazi moja, yenye kipaumbele cha juu, ilisimamia njia kuu ya habari ambayo sehemu za chombo zilipashania, nayo ilipaswa kukamilisha mzunguko wake mara 8 kwa sekunde. Kazi nyingine, ya kipaumbele cha chini, ilikusanya vipimo vya hali ya hewa. Zote mbili zilitumia sehemu moja ya pamoja, na ili zisivurugiane, sehemu hiyo ilikuwa na kufuli: anayeingia anafunga, akitoka anafungua. Ikitokea ya hali ya hewa imo ndani, msimamizi wa njia kuu husubiri mlangoni kidogo. Hilo lilikuwa limekubaliwa, maana ya hali ya hewa haikukawia.

Tatizo lilikuwa watu wa kati. Kulikuwa na kazi nyingine, zikiwamo za mawasiliano, zenye kipaumbele cha katikati, ambazo hazikuhitaji kufuli lile hata kidogo. Mara chache ilitokea kwamba ya chini imeshika kufuli, ya juu inangoja mlangoni, na hapo ya kati ikaamka. Kiini kikatazama orodha: ya juu haiwezi kwenda kwa kuwa inangoja, kati ya mbili zilizobaki, ya kati ina cheo kikubwa kuliko ya chini. Kikaipa ya kati zamu. Kwa sheria, kiini hakikukosea. Lakini kumbe kwa kumpendelea wa kati dhidi ya mdogo, kilikuwa kimemfungia mkubwa nje. Mzunguko ukapita, mlinzi wa mashine akaona msimamizi wa njia kuu hajamaliza kazi, akachukulia kwamba kuna jambo la hatari, akazima na kuwasha kila kitu.

Waliokaa maofisini hawatahitaji maelezo zaidi. Mkurugenzi anataka faili lililo stoo. Ufunguo wa stoo anao mhudumu, ambaye ni wa mwisho katika orodha ya mishahara. Mhudumu yuko tayari kabisa, ila amekutana na karani mwandamizi ukumbini, akatumwa sigara; akirudi ametumwa chai na mhasibu; akitoka hapo ameambiwa asogeze meza. Hakuna kati ya hao aliyemkosea mkurugenzi heshima. Hawajui hata kwamba anangoja. Kila mmoja ametumia tu haki yake juu ya aliye chini yake. Baada ya saa mbili mkurugenzi anatoka kwa hasira, na msomaji anajua nani atakayefokewa.

Mafundi huliita jambo hili kupinduka kwa vipaumbele. Butler Lampson na David Redell walilieleza katika maandishi yao tangu mwaka 1980, na mwaka 1990 Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky wakachapisha uchambuzi kamili wa dawa zake. Mojawapo ya dawa hizo ni sahili kwa namna ya kushangaza: yeyote anayeshika kitu ambacho mkubwa anakingojea, arithi cheo cha huyo mkubwa mpaka atakapokiachia. Mhudumu mwenye ufunguo, kwa zile dakika tano, na awe mkurugenzi. Asitumwe na mtu.

Kiini cha Pathfinder kilikuwa na uwezo huo tayari. Ulikuwa umeachwa bila kuwashwa kwenye kufuli lile. Wahandisi wa maabara ya JPL huko California waliiendesha kompyuta pacha iliyobaki duniani mpaka nayo ikaanguka vilevile, wakaona kilichotokea, wakatuma badiliko dogo kupitia anga, na tatizo likaisha. Waliwahi kuona kuanguka kwa namna hiyo kabla ya kutua, lakini walipokufuatilia hakukujirudia, nao walikuwa wamezama katika programu ya kutua. Siwalaumu. Nalo lilikuwa suala la nani atangulie.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara kinaniuliza kitu kilekile. Kazi ya hali ya hewa ilikuwa ya chini kwa maana gani? Chombo hakikupelekwa Mirihi kwenda kusimamia njia yake ya habari. Kilipelekwa kupima mawe, picha, upepo na joto. Kwa thamani, yule mdogo aliyeshika kufuli ndiye aliyekuwa miongoni mwa sababu za safari. Msimamizi mwenye cheo alikuwa mtumishi tu wa kuhakikisha mambo yanakwenda. Alipewa cheo kwa kuwa hakuweza kungoja, basi. Ziko kanuni za kupanga zamu zinazosema hivyo bila kuficha: kazi inayorudi mara nyingi zaidi itangulie, hata kama ni ya kipuuzi. Cheo katika kiini ni hesabu ya kutoweza kungoja. Hakimpimi mtu.

Nadhani sisi binadamu tumeyachanganya haya mawili mpaka hatuwezi kuyatenganisha tena. Anayetangulia katika foleni tunamwona kuwa ni mtu zaidi, na anayengoja tunamwona pungufu. Kisha kwa mzunguko wa ajabu, yule tunayemwona ni mtu zaidi tunampitisha mbele hata kama angeweza kungoja mpaka jioni. Zahanati inayompitisha mama mwenye uchungu wa kujifungua mbele ya mzee mwenye kikohozi haijasema kwamba mzee ni duni. Inayompitisha mwenye suti imesema. Kwa nje foleni hizo mbili zinafanana sana, na wenye suti wanajua kuutumia mfanano huo.

Hapa najua pingamizi linalonijia, nalo ni zito. Binadamu si kazi za kompyuta. Kazi ya hali ya hewa haisikii uchungu wa kungoja. Na katika viini hivi kuna jambo ambalo wenyewe hulipa jina la njaa: kazi ya chini, ikiwa za juu hazikomi kuja, inaweza isipate zamu milele. Katika kompyuta za kawaida hutumika dawa ya kuizeesha kazi inayongoja, yaani kadiri inavyokaa ndivyo inavyopandishwa, mpaka mwishowe inafikiwa. Lakini viini vya wakati halisi vilivyo vikali aghalabu haviiruhusu dawa hiyo, kwa sababu mdogo aliyepandishwa kwa huruma anaweza kumchelewesha mkubwa aliyeahidiwa. Nchi inayoendeshwa hivyo ingekuwa ya kutisha. Wako watu wengi ambao shida zao hazijawahi kuwa za dharura kwa yeyote, nao wamezeeka wakisubiri.

Pingamizi hilo nalikubali kwa sehemu kubwa. Sitaki kutawaliwa na kiini. Lakini namwomba mpinzani wangu aangalie mafundi wanavyojikinga na njaa hiyo, maana hawajikingi kwa huruma, wanajikinga kwa kukataa kubeba mno. Mwaka 1973 C. L. Liu na James Layland walithibitisha kwa hesabu kwamba ukipanga kazi nyingi zinazojirudia kwa kanuni ile ya inayorudi upesi itangulie, unaweza kuziahidi zote, hata ya mwisho kabisa, kwamba zitamaliza kwa wakati, mradi usiijaze mashine kuzidi kama asilimia 69 ya uwezo wake. Iko kanuni nyingine, ya kumtanguliza yule ambaye muda wake wa mwisho umekaribia zaidi, inayoruhusu kujaza hadi asilimia 100; ila ukizidisha kidogo tu juu ya hapo, huwezi kutabiri nani atakayeangushwa, na mara nyingi wanaanguka wengi kwa mfululizo. Ndiyo maana wenye hadhari wengi huchagua ile ya kwanza na kuiacha mashine ikae bure theluthi nzima ya muda wake. Mhasibu akiona hivyo atasema ni ubadhirifu. Mimi naona kwamba theluthi ile ndiyo inayomlisha aliye wa mwisho katika orodha. Penye ahadi lazima pawe na nafasi tupu, na anayeijaza nafasi tupu kwa ahadi nyingine amekwisha mwibia mtu fulani, ingawa bado hajajua ni nani.

Mambo yanakuwa magumu zaidi mashine zikiwa mbili au kumi, kila moja na kiini chake. Fikiria roboti mbili zimebeba boriti, moja mbele, moja nyuma. Ya mbele inasimama ghafla kwa kuwa imeona shimo, na inaiarifu mwenzake. Ujumbe unachukua muda. Katika muda huo ya nyuma inaendelea kusukuma, nayo haina kosa, maana kwake "sasa" bado ni ile ya kabla ya shimo. Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978 kwamba kati ya kompyuta zilizotengana hakuna "sasa" moja ya kutegemea. Baadhi ya matukio huwezi kusema lipi lilitangulia. Unachoweza kujua kwa hakika ni kwamba ujumbe hutumwa kabla ya kupokewa, na juu ya uhakika huo mdogo unajenga mengine. Nani aliye na haki ya kumlaumu mwenzake kwa kutojua, ikiwa habari haijamfikia?

Lakini kutojua nako kuna wajibu wake. Katika mifumo inayounganisha roboti siku hizi, kama ule wa ROS 2 uliotolewa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 2017, mtunzi anaweza kutangaza kwamba ujumbe huu ukizidi umri fulani usisomwe tena, na kwamba kila mshirika atoe ishara ya kuwa yu hai kila baada ya muda fulani. Asipotoa, wenzake hawaendelei kudhani mema. Wanasimama, au wanapunguza mwendo, au wanashika njia waliyopangiwa kwa hali hiyo. Kimya kinahesabiwa kuwa habari. Nimewajua watu walioendelea kwa miaka mingi kutegemea neno la mtu aliyekwisha nyamaza, wakisukuma boriti kwa nguvu zote, na ndugu zao wakawasifu kwa uaminifu. Sina hakika kama ni sifa inayowastahili. Sina hakika pia kwamba ningemshauri yeyote kati yao asimame, na katika hili mashine na mimi tumeachana njia.

Pathfinder ilisikika vizuri kwa mara ya mwisho tarehe 27 Septemba 1997, baada ya kuishi karibu mara tatu ya muda uliokusudiwa. Inadhaniwa betri ilichoka na baridi ikashinda. Kigari hakikuwa na njia ya kusema na dunia ila kupitia chombo hicho. Watunzi wake walikuwa wamekiachia maagizo ya siku kama hiyo: kisiposikia neno kwa siku kadhaa, kirudi chenyewe kuelekea kilipo chombo na kukaa karibu nacho, kikisubiri kuitwa.